Viatu Tulivyozika Chatsworth

Marrakech, 9 Machi 2025

Mama Mkubwa Odette,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Estella, kisha Papa, kisha Bi Kulthumu mwenye nyumba, kwa mpangilio huohuo ili asije mtu akanuna. Mimi ni mzima. Chumbani tuko wanne, Mburundi ni mimi peke yangu. Mwaka wa pili wa jiolojia si mchezo, lakini bourse, ile pesa ya masomo, inaingia na ninakula vizuri. Mkate wa hapa ni wa duara na wanaula na kila kitu, hata na viazi.

Uliniambia niandike kwa kalamu na karatasi, nimetii, ingawa wenzangu wananicheka. Sababu naijua. Simu yako ilipokufa mwaka ule iliondoka na sauti zote za marehemu Baba Mkubwa Athanase, na tangu hapo huamini kitu kisichoweza kukunjwa na kutiwa sandukuni. Basi na hii itie sandukuni.

Sasa nikueleze milima. Nikipanda juu ya paa asubuhi naiona yote, nyeupe kwa theluji, na huku chini ni mitende na jua. Siku ya kwanza nilisimama pale na mswaki mdomoni mpaka dawa ikanikaukia. Profesa anasema safu hii ya Atlas inaanzia karibu na bahari hapa Moroko, inakatiza Aljeria, inaishia Tunisia, kilomita kama elfu mbili na mia tano. Kaskazini iko Atlas ya Kati, yenye misitu ya mierezi na nyani wasio na mkia. Hii ninayoiona ni Atlas ya Juu, na ndani yake kuna Toubkal, mita 4,167, hakuna mlima mrefu zaidi Afrika ya Kaskazini yote. Kusini ni Anti-Atlas, kavu, mawe mekundu. Tulipelekwa Ouzoud kuona maporomoko ya maji, mita mia moja na kumi kwenda chini, upinde wa mvua umekaa palepale kama umeajiriwa. Nyani akamwibia Mkameruni wetu biskuti akazila mbele yake bila haraka.

Mwezi wa tano nitapata kazi kidogo kijiji cha Imlil, chini ya Toubkal. Kuna bwana anapeleka watalii juu, anataka mtu wa Kifaransa na Kiingereza. Nitakuandikia kutoka huko.

Mwanao,
Fabien


Chatsworth, Durban, 20 Aprili 2025

Mwanangu Fabien,

Leo ni Pasaka, tumerudi kanisani, wali uko jikoni, nami nimejificha na kalamu. Barua yako nimeisoma mara mbili ndani ya taxi nikienda Westville kwa madamu, mara ya tatu nikipiga pasi. Kola ya shati imeungua kwa ajili ya nyani wako. Sisi ni wazima. Baba yako Ciza bado yuko na malori kule bandarini Harbour, anakohoa, anakataa kwenda kliniki, unamjua. Bi Kulthumu anakusalimu, anauliza kama huko wanaswali vizuri. Milima mbona hata sisi tunayo Drakensberg hapo tu, na mwaka wa kumi na tatu huu sijaikanyaga.

Estella ana miaka kumi na tatu na ananichosha. Mkoba wake wa shule anaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, mara tatu juu, mara moja chini, na mwisho anachomeka kijiti badala ya fundo. Mwalimu ameuliza kama tunasafirisha ndizi. Wewe unajua ni ufungaji wa nani. Baba yako Mkubwa aliutoa kwetu Bugarama, alipokuwa akiteremsha ndizi kwa baiskeli mpaka Bujumbura, na Harbour walimcheka kwa mipira yake mpaka walipoona mizigo yake haidondoki. Mtoto alikuwa na miaka minne baba alipoondoka. Nani alimfundisha? Mimi huikata kwa mkasi wa kushonea, kesho yake amefunga tena.

Sasa neno lenyewe. Vénérand, yule fundi seremala wa kanisani, ameniomba nimwoe, maana yeye ni mwoga hata kusema "nikuoe". Nimekubali. Harusi ni Jumamosi tarehe 13 Desemba.

Sitaki useme nimeharakisha. Athanase aliondoka 2016 kutafuta njia ya Ulaya, baada ya zile fujo za kuchomea wageni maduka. Februari 2017 mwenzake wa safari alimpigia baba yako kwamba mashua imezama na kwamba ameona maiti imevaa koti la Athanase. Mwili hatukupata. Tulizika viatu vyake uani kwa Bi Kulthumu, naye akatuazima jembe huku akisema kwao huzikwa mtu. Mwaka ulipotimia tulifanya kuganduka, tukaondoa kilio kama kwetu, baba yako akasimama mbele ya watu akasema Athanase amekwenda na mjane yuko huru. Siku ile nilimpa baba yako na laini yangu ya simu, kwa sababu ile namba Athanase aliijua kwa kichwa, na kila ilipolia moyo wangu ulisimama. Miaka minane nimelia, Fabien. Nataka baraka yako.

Mama yako Mkubwa,
Odette


Imlil, 2 Juni 2025

Mama Mkubwa,

Salamu nyingi kwenu wote. Nimefurahi mko wazima. Mwambie Papa aende kliniki.

Niko Imlil sasa. Kijiji kiko mita 1,740 juu, kimebanwa bondeni, na mto unapita katikati ukipiga kelele usiku na mchana kwa maji ya theluji. Kila mahali ni miti ya jozi, mitufaa na micheri. Wenyeji ni Waamazighi, lugha yao si Kiarabu, chai yao imejaa sukari na mnanaa. Nyumba za udongo na mawe zimepandana mlimani, paa la huyu ni uwanja wa yule. Nyingi zilianguka kwenye tetemeko la Septemba 2023, na watu wengine bado wanajenga. Watalii hulala kwenye kibanda cha mawe mita 3,200, kisha alfajiri hupanda kileleni, na mbingu ikiwa safi wanasema jangwa linaonekana upande wa pili.

Upande huo mwingine kuna ziwa linaitwa Ifni, rangi yake kijani kibichi. Barabara ya kwenda kusini inapita Tizi n'Tichka, mita 2,260, kona mpaka unatapika. Ukishuka unafika Aït Benhaddou, mji wa udongo mwekundu wenye kuta na minara, halafu mabonde ya Dadès, halafu Todgha, ambako mwamba umepasuka na unapita katikati ya kuta za mita mia tatu, jua linaingia saa chache tu. Kuna mahali pa kuteleza kwenye theluji panaitwa Oukaïmeden. Afrika hii, Mama Mkubwa, watu wanateleza kwenye theluji. Na mwezi wa tano waridi zinavunwa bonde la Dadès, kijiji kizima kinanukia.

Mizigo yote hapa inabebwa na nyumbu, wale wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi. Barabara ya gari inaishia Imlil.

Harusi isingeweza kusogezwa mbele kidogo? Labda mwakani, nipate tiketi.

Fabien


Chatsworth, 6 Julai 2025

Fabien,

Tuko wazima. Baridi imeshika, Estella ana mafua, Bi Kulthumu amenipa majani ya kuchemsha. Sasa nisikilize.

Nilikuandikia kwamba naolewa. Wewe umenijibu kwa ziwa la kijani. Nimehesabu: kurasa tatu za milima, mstari mmoja na nusu wa harusi yangu, na huo unaniambia nisogeze. Hukuuliza Vénérand ni mtu wa namna gani. Hukusema pole, hukusema hongera. Mimi ndiye niliyekulea tangu mama yako afe. Ulipovunja dirisha la Bi Kulthumu ulikuja kunieleza habari za samaki wa Harbour, rangi zao na majina yao, mpaka nikajua kuna kitu kimevunjika. Sasa kimevunjika nini?

Kama una mke huko, sema. Kama umefukuzwa chuo, sema. Kama unamwona Vénérand hafai, sema pia, nitakasirika halafu nitapoa. Sitaki mlima mwingine hata mmoja. Nimemwonyesha baba yako barua yako, akaisoma, akasema, "Mtoto anasoma vizuri," akatoka nje kuvuta sigara. Sigara aliacha miaka mitatu iliyopita.

Andika.

Odette


Imlil, 3 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Kama uko kwenye foleni ya taxi, ikunje barua hii. Nenda nyumbani, funga mlango, ukae.

Baba Mkubwa Athanase yu hai.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuichana mara tano. Naomba unisamehe kwa milima. Sikuwa na la kusema, nikasema inayoonekana dirishani.

Ilikuwa tarehe 27 Mei. Nilikuwa njiani na watalii, nyumbu akatupita amebeba mitungi ya gesi na magodoro. Watu wa huku hufunga mzigo kwa kamba, kwa fundo. Ule ulifungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, mara tatu juu, mara moja chini, na kijiti. Nilimwuliza mwenye nyumbu kwa Kifaransa nani amefunga, akasema ni yule mweusi wa kijiji cha juu, hakuna mzigo wake umewahi kuanguka. Niliwaacha watalii na chai yao nikapanda.

Alikuwa anajenga ukuta wa mawe. Amekonda, ndevu nyeupe, mguu mmoja anaukokota. Nikamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro." Jiwe likamtoka mkononi. Alinitazama kisha akasema, "Wewe ni wa Ciza. Una paji la Ciza." Akakaa chini palepale njiani, akafunika uso kwa mikono, na mimi nikasimama kama mjinga kwa sababu sikujua kama mtu anamkumbatia marehemu.

Hana mke, hana mtoto huku. Anakaa kwa mzee mmoja mwenye nyumbu watatu. Lile koti alimpa mwenzake mwingine usiku wa safari. Alipoiona mashua miguu ilimkatalia, Mama Mkubwa, aliogopa tu, akabaki ufukweni huku Moroko, na mwenzake huyo akazama akiwa amelivaa. Baadaye alifuata kazi ya kuvuna matufaa akafika huku. Kwenye tetemeko ukuta ulimwangukia mguu, naye aliwatoa watoto wawili wa yule mzee kabla hajaanguka.

Aliniapisha nisikuambie. Nilikaa na kiapo miezi miwili, ndipo ukaniuliza kimevunjika nini.

Fabien


Chatsworth, 29 Agosti 2025

Fabien,

Leo sina salamu.

Nilikaa kama ulivyosema. Nilipotaka kusimama sikuweza, Estella akarudi kutoka shule akanikuta sakafuni na nyanya hazijakatwa. Nikamwambia mgongo unauma. Ni uongo wa kwanza niliomwambia kuhusu baba yake na siupendi.

Jioni nilitoka uani. Mahali tulipozika viatu Bi Kulthumu amepanda mchaichai. Nikasimama pale, akauliza nimepoteza nini. Nikasema viatu. Akanitazama, akaniletea kiti.

Sijui nina hasira au nina furaha, vinapokezana kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Nilivaa nyeusi mwaka mzima kwa jua la Durban. Nilimfundisha mtoto kumwombea marehemu. Na yeye anajenga ukuta. Anaogopa maji, haya, na simu nayo anaiogopa? Namba yangu aliijua kwa kichwa. Miaka minane mtu anakosa hata dakika moja ya kusema niko hai? Muulize hilo, uniandikie jibu lake kama alivyolisema, usiongeze wala usipunguze.

Vénérand sijamwambia. Baba yako sijamwambia pia. Anakuja hapa Jumapili anakula, na mimi namtazama nashindwa hata kumpa habari kwamba ndugu yake anapumua. Nangoja jibu kwanza.

Odette


Marrakech, 25 Septemba 2025

Mama Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimerudi mjini, masomo yameanza, lakini Jumamosi nilipanda juu nikamsomea barua yako. Aliisikiliza amesimama. Ulipotaja viatu alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akaomba nirudie pale pa viatu.

Jibu lake ni hili. Alipiga. Mwaka wa kwanza alikuwa mgonjwa, hana karatasi wala senti, na aliona aibu kusema ameogopa. Machi 2018 aliazima simu kwa mwalimu wa kijiji akapiga namba yako. Haikuwa sauti yako. Aliambiwa kuganduka kumeshafanyika mwezi uliopita, watu wamekula na kunywa, mjane yuko huru, mtoto ameacha kuuliza, na mtu aliyeondolewa kilio hana mlango wa kurudia. Akaambiwa, "Ukitupenda, kaa hukohuko." Simu ikakatwa. Alipiga tena wiki iliyofuata, ikakatwa kabla hajasema neno. Hakupiga tena.

Nilimwuliza ilikuwa sauti ya nani. Alisema hakuitambua. Labda ni mtu aliyeokota laini.

Sasa ni vuli, wanapiga miti ya jozi kwa fito ndefu na mikono yao inakuwa myeusi kwa wiki nzima. Theluji ya kwanza imeanguka kileleni. Najua umekataza milima. Nisamehe, mkono umezoea.

Fabien


Chatsworth, 19 Oktoba 2025

Mwanangu Fabien,

Nakusalimu, na safari hii nakusalimu kwa moyo wote, kwa sababu najua jinsi ulivyolala ukiandika ile barua.

Uongo huujui, baba. Umesema labda mtu aliokota laini. Mimi nilikuandikia mwezi wa nne nilimpa nani laini ile. Umesahau, au ulitumaini nimesahau mimi.

Niliposoma nilikuwa nimeshika sahani ya baba yako. Jumapili ile alikuwa amekula kwangu, maharage na ugali, akaniomba pilipili. Niliiweka sahani chini polepole nikaogopa mikono yangu mwenyewe. Mwezi mmoja, Fabien. Kuganduka Februari, simu Machi. Angepiga wiki tano mapema ningekuwa na mume, na Estella angekuwa na baba.

Simsemi mbele yako, ni mzazi wako. Nafikiri alikwishasimama mbele ya watu akasema ndugu yake amekwenda, akashindwa kusimama tena kusema amekosea. Kwetu hakuna aliyewahi kurudisha pombe ya kuganduka mtungini. Lakini angenifuata mimi. Ningevaa hiyo aibu pamoja naye.

Vénérand nimemwambia jana. Alikuwa ananitengenezea kabati la harusi. Akaweka randa mezani, akasema, "Basi nitakaa nje mpaka ujue unachotaka." Nililia kwa sababu ni mtu mzuri na sikuwa na kosa la kumpa.

Sasa fanya hivi. Jumapili tarehe 23 Novemba, saa tisa mchana ya kwetu, huko kwenu itakuwa saa nane, Athanase apige ile namba ya zamani. Usinijibu. Usimwambie baba yako. Barua ikichelewa, basi Mungu hakutaka.

Odette


Chatsworth, 24 Novemba 2025

Mwanangu,

Salamu zote tumeshapeana jana kwa namna yetu, kwa hiyo nakueleza tu, maana ulikuwa upande wa pili wa simu na hukuona nyuso.

Niliwaita wote waliokula kuganduka: Anicet wa kanisani na mkewe Julienne, mchungaji, na Bi Kulthumu aliyetuazima jembe. Vénérand alileta viti kutoka kanisani, akavipanga, akabaki amesimama mlangoni. Niliwaambia ni chakula cha kujiandaa na harusi. Baba yako alipofika nilimwomba aweke mezani simu yake yenye ile laini yangu ya zamani, nikasema nimempa madamu namba ile. Akaiweka karibu na sahani ya mboga.

Saa tisa ikafika, kimya. Saa tisa na robo. Na nusu. Julienne anasimulia bei ya kitambaa, mimi namwitikia na sisikii. Nikasema moyoni barua haikufika, iko njiani inatembea, na harusi iko karibu. Baba yako akavaa kofia, akasema kesho ana lori la alfajiri. Kumbe mlifuata saa tisa ya kwenu. Wewe na jiolojia yako yote, eish.

Saa kumi kamili ikalia. Baba yako alikuwa ameinyooshea mkono aichukue aondoke. Akaona namba inaanza na 212, ya Moroko, mkono ukabaki hewani. Nilimtazama usoni na nilichokiona sitakiandika. Hakuishika. Ikalia, ikalia, watu wakaanza kumtazama.

Estella ndiye aliyeichukua. Mikono yake ilikuwa na unga wa mandazi, akaipokea kwa kidole kimoja, akagusa spika, sauti ikatoka kubwa kwa chumba kizima.

"Ciza, usikate. Tafadhali leo usikate."

Julienne aliangusha kikombe. Mchungaji akasimama, akakaa, akasimama tena. Sauti ile, Fabien. Nilidhani imekufa na ile simu. Bi Kulthumu akanishika kiuno.

Estella akasema, "Si Ciza. Ni Estella."

Tulisikia kengele za nyumbu na upepo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Estella yupi?"

"Wa Athanase," akasema mtoto. "Wewe ni nani?"

Hapo hakuna aliyeweza kumsaidia, hata wewe uliyekuwa naye. Alijibu mwenyewe. Estella hakulia. Alimwuliza mpira wa baiskeli unakatwa upana gani ili usipasuke, maana wake unapasuka, naye akamwambia vidole viwili, na ukate kwa kufuata urefu. Walizungumza mipira dakika kumi nzima, watu wazima tumesimama tunasikiliza. Kisha akaniletea simu. Tulichosema ni chetu.

Baba yako alitoka uani, akakaa chini karibu na mchaichai mpaka giza likaingia. Nilimpelekea chai. Alisema, "Nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu, Odette." Nikamwambia najua, sasa simama tena. Akarudi ndani, akasimama, akasema yote, mwezi na tarehe. Sijamsamehe. Wewe usimchukie, ni baba yako, hiyo kazi niachie mimi kwa niaba ya nyumba nzima. Leo amekwenda kliniki na kikohozi chake bila kuambiwa.

Vénérand alirudisha viti kanisani viwili viwili, alikataa kusaidiwa. Kabati ameliacha. Amesema mbao zimeshakatwa kwa kipimo cha chumba changu, hazifai kwingine. Harusi haipo. Hilo linaniuma na sitaki mtu aniambie lisiniume.

Asubuhi hii Estella amefunga mkoba wake mara tatu juu, mara moja chini, na kijiti. Mkasi nimeuacha kwenye droo.

Mwambie Baba yako Mkubwa simwiti kama mume. Hilo sijui, na yeye hajui, tutajua tukitazamana. Namwita kwa sababu yu hai na ana mtoto. Aende ubalozini atafute karatasi, umsaidie. Na akija aje na viatu vyake, vya hapa tulivizika.

Mama yako Mkubwa,
Odette